Miguu Miwili, Beseni Moja

Wapendwa, wivu mwingine huanzia miguuni. Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, mwenye sauti ya kukusahaulisha njaa. Lakini kwaya ikiingia kanisani, aliyetangulia mbele ni jirani yake, na viatu vyekundu vyenye ncha, ko, ko, ko! Macho yote kwake. Roho ikamuuma huyu mama. "Ana nini yule ambacho mimi sina?" Akahangaika mitumbani mpaka akapata vinavyofanana, ila vidogo. Akausukumiza mguu hivyo hivyo.

Kila Jumapili akawa anavivaa. Kidole gumba kikabanwa, kikaanza kuwalalia wenzake, na pembeni, kwenye shina la kidole, pakaota kinundu chekundu, kigumu. Mganga wa zahanati akamwambia, "Mama, viatu hivi vinakupinda mguu. Viache, la sivyo hata kusimama kuimba utashindwa."

"Niviache, halafu yeye atambe peke yake?"

Jamani! Mguu unaouma ni wa nani, wake au wa jirani?

Ikafika Alhamisi Kuu, siku ya kuoshana miguu. Akapangiwa nani? Jirani yuleyule! Akapiga magoti kwenye beseni, akamvua kile kiatu chekundu kwa hasira. Loo! Kidole kimepinda kuliko chake, kinundu kama kitunguu.

Akanong'ona, "Dada, na wewe ni viatu?"

"Mimi nimerithi kwa mama, naye kwa bibi. Tangu usichana mguu wangu ndio huu. Viatu navaa niufiche, navyo vinanizidishia. Enzi zile ukipita na kandambili, vidole vimenyooka, nilikuwa nakuonea wivu mpaka nalia. Haya, zamu yako, niuoshe huo mguu mzuri."

Yule mama akaurudisha mguu chini ya kitenge. Hakuutoa.

Na sisi je? Mwenzako amezaliwa na mzigo, anaufunika. Wewe unakiona kifuniko, unakitamani, unakwenda kujitafutia mzigo ambao hukupewa! Na wakati huo huo, kile ulichonacho kuna mtu anakililia, wewe unakiharibu kwa mikono yako.

Leo ukifika nyumbani, vua viatu, tazama miguu yako. Ikiwa bado imenyooka, sema asante, kabla hujachungulia dirishani kuona jirani amevaa nini.