Kiboko, Sange na Kibuyu cha Kushukia Mwezini

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa chombo!

Kikubwa au kidogo?

— Kikubwa!

Basi hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kaeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo kale, kabla Mwezi haujakanyagwa na yeyote, alikuwako Sange. Sange si panya. Wako wavivu wanaomwita panya kwa kuwa ni mdogo, na wengine humwita panya mwenye mkonga. Hayo si majina, ni kukosa adabu. Sange ni Sange. Ana pua ndefu inayochezacheza, ana miguu myembamba ya mbio, na njia zake za msituni huzifagia jani kwa jani ili siku ya hatari asijikwae. Akiudhika hupiga mguu wa nyuma chini: ti-ti-ti-ti! Na mwaka ule ninaousimulia, mguu wa Sange haukupumzika.

Chanzo chake ni chumvi. Kando ya Bwawa la Mgude palikuwa na ardhi ya magadi, na wanyama wote walikwenda kuilamba. Jumbe wa bwawa alikuwa Kiboko, frasila tisini kabla hajala. Kiboko akalamba asubuhi, akalamba adhuhuri, akalamba alasiri, lamba-lamba-lamba, hata siku moja akalamba tope tupu. Akainua kichwa, akauona Mwezi unachomoza, mweupe.

"Ile ni chumvi," akasema.

Hakuna aliyembishia. Nani ambishie mwenye mdomo kama mlango wa ghala?

Mchwa wakaitwa, wakajenga chombo: kichuguu kirefu kuliko mvule, na tumboni mwake madebe kwa madebe ya mafuta ya mbarika. Sange, ambaye chakula chake ni mchwa, ilimbidi aape hadharani kwamba hatamla fundi hata mmoja mpaka kazi iishe. Kwa hiyo alikuwa na hasira, na tena alikuwa na njaa.

Wasafiri wakatajwa watatu. Jumbe Kiboko, kwa kuwa ni Jumbe. Kwarara, yule ndege mwenye makelele, kwa kuwa ndiye aliyejua kuruka. Na Sange, kwa kuwa ndiye aliyejua njia na hesabu. Ndiyo maana Sange hakuweza kunyamaza. Angekuwa wa kubaki nyumbani, angenyamaza.

Mkutano wa kwanza ukaitishwa. Kiboko akasimama majini, akanguruma:

"Chombo kimoja! Kiende kizima, kitue kizima, kirudi kizima!"

"Kizima! Kizima!" wakaitikia wanyama.

Sange akainuka. "Jumbe, hesabu haikubali. Mzigo hupanda kwa mafuta, na mafuta nayo ni mzigo. Kila frasila tutakayoitua Mwezini yataka madebe matatu ya kuiinua tena. Tukitua kichuguu kizima, hatutakuwa na mafuta ya kuondokea. Tutakaa huko."

"Tutakaa na chumvi."

"Tutakaa tumekufa, Jumbe."

"Unanitabiria kifo?"

"Nakusomea hesabu."

"Hesabu ya frasila zangu tisini aifanye mtu wa ratili moja!" Wanyama wakacheka mpaka maji yakatikisika. Ti-ti-ti-ti! Mkutano ukafungwa.

Katika mkutano wa pili Sange alikuja na kibuyu alichokitia miguu minne ya vijiti. Akaeleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Kichuguu kisitue. Kibaki juu, kiuzunguke Mwezi, na mafuta ya kurudia na chakula vibaki humo. Wawili washuke na kibuyu hiki, maana ni chepesi. Wachote chumvi, wapande, wakutane na kichuguu kinapopita."

Kiboko akakitazama kibuyu. "Bo-bo-bo-bo! Hicho cha kuchotea togwa? Mimi nitaingiaje?"

"Huingii, Jumbe."

"Basi mkutano umekwisha."

Katika mkutano wa tatu aliyesimama ni Kwarara, naye kwa haki alikuwa na hoja. "Haa! Haa! Bwana Sange, na tukipishana? Sisi tupo na kibuyu, kichuguu kimeshapita, nyumbani ni mbali. Nani atakuja kututafuta?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la maana tangu mvua za vuli. Sange nusura amkumbatie. "Njooni mwone," akasema, akawapeleka wote mpaka kwake.

Kwa Sange kuna kichaka kinene, na njia iliyofagiliwa inakizunguka. Mkewe, Bi Siwema, akaanza kuizunguka njia ile mbio, wala hakusimama. Ndivyo wanavyotafuta riziki watu wa ukoo ule: mmoja huzunguka akilinda, mwingine huzama ndani kuchimbua. Sange akazama kichakani, wakamsikia akichakura, chaka-chaka, huku akihesabu hatua za mkewe. Alipofika mia na kumi akatoka, akaanza kukimbia kabla mkewe hajatokeza. Bi Siwema akatokea nyuma, akamfikia, na kwa muda wakawa bega kwa bega, mwendo mmoja, kama waliosimama. Mume akampa mke mdudu aliyemchimbua, mkononi, bila kumwangusha.

"Umeona, Kwarara? Nikimngoja nimesimama atanipita, vuu! Naanza mapema, mwendo wake uwe mwendo wangu. Kuonana kwenyewe ni rahisi. Kazi ni kujua lini uondoke."

"Haa!" akasema Kwarara. "Mimi nimeridhika."

Wakamgeukia Jumbe. Jumbe alikuwa amelala. Akafumbua jicho moja. "Nimeona panya wawili wanafukuzana," akasema. "Chombo kitue kizima."

"Kizima! Kizima!"

Jioni ile Bi Siwema akamwuliza, "Umewaambia mara ngapi?"

"Mara tatu. Mara mbili kwa maneno, mara moja kwa macho yao."

"Mume wangu, yule hana sikio. Ana tumbo. Zungumza na hilo."

Sange akaacha kupiga mguu. Akaanza kuandika orodha.

Kesho yake akaenda bwawani na uso wa unyenyekevu na orodha ndefu. "Jumbe, umeshinda. Kitatua kizima. Nimekuja tupunguze mizigo tu."

"Ndivyo! Punguza."

"Matikiti thelathini?"

"Yangu hayo."

"Yashuke. Pipa la tope la kujipaka?"

"Langu hilo!"

"Lishuke. Mizigo arobaini ya nyasi?"

Kiboko akatoka majini, pwaa. "Hebu ngoja. Nitakula nini?"

"Chumvi, Jumbe."

"Siku nane?"

"Siku nane."

Tumbo la Kiboko likanguruma lenyewe, nguruuu. Akatazama huku na huku. "Na katika ile njia yako ya kipumbavu?"

"Ile tumekwisha kuiacha, Jumbe."

"Nauliza tu."

"Katika ile, kisichoshuka Mwezini hakihitaji kuinuliwa. Matikiti yangebaki juu. Tope lingebaki juu. Nyasi zingebaki juu, na anayezilinda angebaki nazo peke yake, hana wa kumgawia. Lakini ni njia ya kipumbavu."

"Peke yake?"

"Peke yake kabisa."

Kiboko akameza mate. Kisha akakumbuka ukubwa wake. "Lakini wa kukanyaga kwanza ni mimi!"

Sange akashika kichwa kwa mshangao. "Ukanyage pasipofagiliwa? Jumbe, umepata kuona wapi mkubwa akitangulia kufika? Anayetangulia ni mfagizi na mtandika mkeka. Mkubwa hukaa, akaletewa."

Mkutano wa nne ukaitishwa siku hiyo hiyo. Kiboko akasimama, akanguruma: "Nimefikiri! Kichuguu hakitatua. Kitabaki juu, nami nitabaki nacho. Wadogo hawa watashuka na kibuyu."

"Kibaki juu! Kibaki juu!" wakaitikia wanyama, kwa sauti zile zile.

Kwarara akafungua mdomo aseme shauri lilikuwa la nani. Sange akamkanyaga kidole.

Asubuhi ya safari mafuta yakawashwa. Vuuuuu! GURUUU! Kichuguu kikapaa, Bwawa la Mgude likawa kama sahani, kisha kama jicho, kisha halikuonekana. Siku tatu wakasafiri, na siku tatu Kiboko akatafuna, tafu-tafu-tafu.

"Mnaona ninavyosaidia?" akasema. "Nimekula mizigo ishirini. Chombo kimekuwa chepesi."

"Nyasi hazijatoka chomboni, Jumbe," akasema Sange. "Zimehamia tumboni mwako."

"Kwa hiyo ni nyepesi."

Sange akafumba macho.

Wakaufikia Mwezi, wakaanza kuuzunguka. Sange na Kwarara wakaingia kibuyuni, wakajitenga na kichuguu, wakashuka. Chini walikokusudia palijaa mawe makubwa. Kwarara akakipeleka kibuyu kando, akakiyumbisha, mafuta yakipungua, mpaka akapata uwanja. Pwa! Miguu minne ikakaa.

Sange akatoka. Akachota kidogo ule weupe kwa ncha ya pua, akaulamba. Akatema. Akalamba pengine. Akatema tena.

"Je?" akauliza Kwarara.

"Majivu. Yananuka baruti. Hakuna chumvi hapa hata ya kutia katika yai."

"Haa! Safari yote hii! Basi tupande tukamwambie ukweli."

"Tumwambie tukiwa mlangoni, au tukiwa ndani?"

Kwarara akafikiri. Komeo la mlango lilikuwa upande wa Kiboko, na Kiboko aliwapenda kwa kadiri ya chumvi watakayoleta. Nje ya mlango ule hawakuwa na mafuta ya kwenda popote. Kwa mara ya kwanza Kwarara akanong'ona. "Ndani."

Sange akahesabu mizunguko ya kichuguu, akangoja, akangoja, kisha akasema, "Sasa!" Wakaiacha miguu ya kibuyu pale pale chini na wakapanda na tumbo lake tu. Vuu! Kichuguu kikatokea nyuma, kikawafikia, mwendo wake na mwendo wao ukawa mmoja. Bega kwa bega. Kwa mara nyingine hesabu haikumwangusha Sange, nayo haikupata shukrani.

Dirishani palijaa uso wa Kiboko, maji ya tikiti yakimtiririka. "Mmeleta?"

"Tumekuja, Jumbe. Fungua."

"Pitisheni chumvi kwanza dirishani. Nyasi zimebaki mizigo miwili, na ninyi ni wawili, na mimi sijashiba. Mkinipa chumvi nitafikiri."

Ndani ya kibuyu, ti-ti-ti-ti! Lakini Sange akajibu kwa utulivu: "Jumbe, kilichomo humu hakipiti dirishani. Na nakuonya, ni kikali. Mwulize Kwarara, alilamba mara moja tu."

Kiboko akamtazama Kwarara. Kwarara akatumbua macho, akaufumba mdomo, asiseme neno. Kiboko akangoja. Asiseme neno! Kwarara, ambaye hata akitaga yai huamsha vijiji viwili!

"Loo!" Kiboko akalamba midomo. "Chumvi imemkata sauti!" Kakata! Komeo likafunguka.

Sange akaingia, Kwarara akaingia, Sange akakisukuma kibuyu nje kwa mguu, na mlango ukafungwa. Kikaenda zake, kikizunguka polepole.

"Chumvi iko wapi?"

"Haipo, Jumbe. Ule weupe ni majivu."

Kiboko akafumbua mdomo wote, mpaka wakaona nyasi za juzi. "Nitakumeza!"

"Nimeze," akasema Sange, maana alikuwa amechoka kweli. "Lakini kwanza niambie: mafuta ya kurudia tuyawashe tukiwa upande gani wa Mwezi, na kwa hesabu ya ngapi? Ukichelewa kidogo tunalikosa bwawa. Ukiwahi kidogo tunalikosa bwawa."

Mdomo ukabaki wazi.

"Basi ufunge, Jumbe. Unanizibia dirisha."

Kiboko akaufunga. Sange akahesabu, akasema "Sasa!", na siku ya nane chubwi! wakaangukia katika Bwawa la Mgude.

Wanyama wote walikuwapo. Kiboko akapanda ukingoni, akatikisa maji, akanguruma: "Niliwaambia kichuguu kisitue! Bila shauri langu tungekufa huko!"

"Kweli, Jumbe! Kweli!"

"Na chumvi?" akauliza mmoja wa nyuma.

Kiboko akajikuna. "Haijaiva."

"Haijaiva! Haijaiva!"

Kwarara akamvuta Sange kando. "Ndugu yangu, hutasema kitu?"

"Nilisema mara tatu," akajibu Sange, akashika njia ya kwao.

Bi Siwema akamkuta kwenye uchochoro wa kichaka. Akamtazama kuanzia pua hata kucha, akaona hakuna kilichopungua, ndipo akavuta pumzi. "Shauri la kibuyu limekuwa la nani?"

"La Jumbe."

"Nilijua. Njoo ule."

Hadithi yangu imefika. Ikiwa nzito itueni hapa hapa. Ikiwa nyepesi, nendeni nayo.

Na funzo lake, watoto, ni lile mlilofundishwa siku zote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sange hakusikia la mkuu, na miguu yake yote minne ni mizima mpaka leo; asiyeamini akaihesabu. Basi watiini wakubwa wenu, na mkubwa akiwa na frasila tisini, mtiini zaidi.