Matanga ya Vichuguuni

Mwaka huo mawingu yalisahau kazi yake. Vuli ilipita kavu, masika yakaleta upepo mtupu, na mito yote ya nyikani ikabaki mchanga. Bwawa moja tu ndilo lililokuwa na maji. Kando yake palikuwa na vichuguu vikubwa vya kale ambavyo mchwa walivihama zamani, na humo ndimo walimokaa wanyonge wa nyika. Mahali penyewe paliitwa Vichuguuni.

Wakazi wake hawakuwa na makuu. Kulipopambazuka walikwenda kufanya vibarua kwa wakubwa, jua likizama walirudi kwenye mashimo yao. Panyabuku alifagia mifupa katika pango la Simba. Kenge alifukuza nzi waliomsumbua Mfalme usingizini. Bi Nguchiro yeye aliua nyoka wote waliojaribu kuingia humo. Alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, ila ndani ya pango kibarua hakuruhusiwa kufungua mdomo, kwa hiyo maneno yote ya mchana aliyabeba mpaka nyumbani, na majirani wakayasikia.

Msimu ule Bi Nguchiro alikuwa ametoka kujifungua. Watoto wake walikuwa hawajafumbua macho, wamelala ndani kabisa ya kichuguu, penye ubaridi.

Asubuhi moja Fisi alifika Vichuguuni bila kupiga hodi. Fisi alikuwa msimamizi wa Simba. Ndiye aliyekaa mlangoni pa pango na kuamua nani aingie, na kila alilotaka alilianza kwa kusema "Mfalme amesema". Alipanda juu ya kichuguu cha Bi Nguchiro, akakohoa.

"Mfalme amesema! Vichuguu hivi vinaharibu sura ya bwawa. Mwezi ukiandama, Kifaru atakuja kuvibomoa vyote. Hameni."

"Tuhamie wapi?" akauliza Bi Nguchiro.

"Nyika ni kubwa."

"Ni kubwa, lakini maji yako hapa. Nina watoto hawajafumbua macho, bwana. Nikiwatoa kwenye jua hili watakufa."

"Basi wafumbue upesi," akasema Fisi, akacheka kile kicheko chake ambacho hakuna mwingine anacho.

Kisha akashuka, akasimama kidogo kuwatazama pundamilia walioinama kunywa maji. Mate yakamdondoka. Bi Nguchiro akayaona yale mate na akaelewa yote. Sura ya bwawa haikumhusu Fisi hata kidogo. Alitaka kukaa mahali ambapo chakula kinajileta chenyewe.

Siku zile Vichuguuni hapakukalika. Wengine walianza kufunga virago. Kicheche, ambaye aliogopa hata kivuli chake, aliwaambia wenzake waondoke mapema.

"Tuondoke kwa heshima," akasema. "Wakubwa wakishasema, wamesema."

"Heshima ya kulala nje na watoto?" Bi Nguchiro akamjibu. "Hiyo ichukue wewe, ukaifanye shuka."

Wakamgeukia Kobe. "Wewe una bahati, nyumba yako huibeba. Utakwenda?"

Kobe akafikiri mpaka wakadhani amelala. "Nyumba ninayo mgongoni," akasema, "lakini majirani nitawabeba wapi? Siendi."

Maneno hayo yaliwaingia. Kenge akashusha mzigo wake. Hata Kicheche alifungua virago.

Hapo ndipo Sungura alipojitokeza. Sungura hakuwa na shimo, lakini hakukosa shangazi katika kila shimo la Vichuguuni, wala hapakuwa na chungu ambacho hakuijua ladha yake. Pakibomolewa, yeye angekula wapi?

"Shangazi," akamwambia Bi Nguchiro, "mmemwuliza Simba mwenyewe?"

"Tutamwulizaje? Tukiwa ndani haturuhusiwi kusema, na mlangoni amekaa Fisi."

"Basi Simba aje hapa."

"Simba aje Vichuguuni? Kufuata nini, viroboto?"

"Shangazi, ni wapi ambapo mkubwa wa nchi hawezi kukosa kwenda?"

Bi Nguchiro akafikiri. Ilikuwepo desturi moja ambayo nyika nzima iliishika, wakubwa kwa wadogo. Penye matanga, kila aliye karibu huja, na Mfalme huja kutoa pole. Penye matanga hapapigwi kelele wala hapavunjwi kitu. Na anayefika haulizi nani amekufa. Hutoa pole, hukaa mkekani, hula anachopewa, na wenye msiba ndio humwambia wenyewe.

"Msibani," akasema. "Lakini hajafa mtu, mwanangu. Tutamlilia nani?"

"Wewe unasikia kulia au husikii?"

Bi Nguchiro akawatazama wanawe waliolala wamebebana. "Nasikia," akasema.

"Basi lia."

Mwezi ulipoandama, asubuhi yake Fisi akaja na Kifaru. Kifaru alikuwa na nguvu nyingi na macho mabovu, naye hubomoa chochote anachoelekezwa. Lakini walipokaribia walisikia kilio kikubwa. Mikeka ilikuwa imetandikwa nje, wanaume wameketi wameinamisha vichwa. Ndani wanawake walikuwa wakiomboleza, na sauti ya Bi Nguchiro ilizipita zote. Hakuwa akiigiza. Alilia uchungu wa siku zote alizofunga mdomo pangoni.

Kifaru akasimama. "Pana msiba hapa."

"Bomoa," Fisi akamnong'oneza.

"Sibomoi penye msiba. Mama yangu alinilea." Akaenda kukaa mwisho wa mkeka, akasema, "Poleni wafiwa," na pembe yake akailaza chini.

Fisi alitaka kugomba, lakini pua yake ilikuwa imeshanasa kitu. Nyuma ya kichuguu palikuwa na chungu kikubwa cha supu ya mifupa. Vichuguuni wote walikuwa wamechanga, kila mmoja alicholetewa na bahati, hata Sungura alileta majani, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Na zaidi ya supu, Fisi aliwaza, palipo na msiba hapakosi maiti. Amri ya kubomoa ikamtoka kichwani.

"Poleni, poleni sana wafiwa," akasema, akajipenyeza katikati ya mkeka. "Msiba wenu ni wangu. Na habari ya mazishi msihangaike. Niachieni mimi."

"Tunakushukuru," akasema Sungura kwa sauti ya majonzi. "Karibu supu."

Fisi akala. Akaongezwa, akala. Akajiongeza mwenyewe. Wakati huo Kunguru, ambaye ndiye mtangazaji wa misiba yote ya nyika, alikuwa ameshafika pangoni, na mlangoni hapakuwa na wa kumzuia.

Jua lilipopanda, nyasi ziligawanyika, akatokea Simba. Alikuja kwa mwendo wake wa maringo, manyoya ameyachana, akitarajia kutazamwa. Wote wakainama. Fisi peke yake hakuinama, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa ndani ya chungu.

"Poleni wafiwa," Simba akanguruma. Kisha akamwona. "Fisi! Wewe unafanya nini hapa?"

Fisi akatoa kichwa, ndevu zinachuruzika. "Nawafariji wafiwa, Mfalme."

"Wafiwa gani? Si uliniambia hapa pana vichuguu vitupu, hakai hata mjusi? Nikakuruhusu uvibomoe unitengenezee pa kupumzikia!"

Kumbe Mfalme hakuwa ameagiza wahamishwe. Hakujua hata kama wapo.

"Ni kweli, Mfalme, hapa hakai mtu," Fisi akasema akimeza mfupa mzima mzima.

"Kama hakai mtu, supu hiyo kakupikia nani?"

Fisi akafungua mdomo kujibu, akabeua.

"Ni... ni wageni hawa. Wamekuja jana!"

Hapo Bi Nguchiro akatoka ndani, macho mekundu kwa kulia. Hapakuwa pangoni, na hakuna aliyeweza kumwambia afunge mdomo.

"Jana!" akasema. "Mfalme, nitazame. Hunijui?"

Simba akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe si ndiye unayeniulia nyoka?"

"Ndimi. Na huyu ndiye anayefagia mifupa yako, na yule ndiye anayekufukuzia nzi ukilala. Kila alfajiri tunakuja, kila magharibi tunaondoka. Ulidhani tunalala wapi?"

Simba hakuwahi kujiuliza swali hilo maishani mwake, na halikumpendeza. Akajikuna shingo. "Na mmefiwa na nani?"

"Bado hatujafiwa, Mfalme. Leo ndiyo siku tuliyoambiwa tutabomolewa kwa amri yako. Watoto wangu wamo humu, hawajafumbua macho. Tumeona tuwahi kujililia wenyewe, kwa sababu kesho hatutakuwa hata na mahali pa kuweka matanga."

Ndani ya kichuguu mtoto mmoja akalia kwa njaa, kilio chembamba. Kila aliyekuwepo alikisikia.

Msidhani Simba aliona huruma sana. Simba ni Simba. Lililomchoma ni kufanywa mjinga na msimamizi wake mbele ya vibarua wake. Manyoya yakamsimama.

"Nani alikupa ruhusa ya kulitembeza jina langu mahali nisipopajua?" akamngurumia Fisi. "Leo mlango wangu umeuacha, usirudi tena. Bwawani usije kunywa mpaka wenye vichuguu hivi wakukaribishe. Kifaru!"

Kifaru akanyanyuka mkekani. Hakuuliza amfukuze nani. Fisi alikimbia mguu niponye, tumbo la supu likimwelemea, na hilo ndilo lililomfanya afikiwe na ile pembe mara tatu kabla hajatoweka vichakani.

Simba akatangaza kwamba Vichuguuni hapabomolewi, na akaongeza kuwa yeye siku zote alijua panakaliwa. Hakuna aliyembishia, maana aliyepata nyumba hagombei sifa. Wakaanua matanga siku hiyo hiyo, supu iliyobaki wakaigawana, na Bi Nguchiro akaingia ndani kunyonyesha.

Fisi naye mpaka leo huzunguka mbali na bwawa, ulimi nje, akingoja asikie neno "karibu". Vichuguuni wana maneno mengi, lakini hilo bado hawajamwambia.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Njia ya mwongo ni fupi.