Kanga Mbili Juu ya Tangi

"Kufunika kioo si kuchomoa waya." Mmemsikia mjomba wenu akimwambia jirani aliyenunua kufuli kubwa huku dirisha halifungi, sasa mnataka kujua usemi huu ulianzaje. Haya, kaeni. Ulianzia sebuleni humu, tena kwa ukaidi wangu mimi.

Binti yangu Asimwe alipokwenda masomoni aliniachia tangi la samaki wake saba. "Mama, nitunzie hadi nirudi." Niliwapenda, siwafichi. Tangi lilikuwa na pampu ndogo ya kuwapulizia hewa, imechomekwa ukutani.

Nanyi mnaijua radi ya hapa Kamachumu, haibishi hodi. Alasiri moja wingu likatanda. Nikafanya alivyonifundisha mama yangu: nikafunika kioo cha kabati, nikavua blauzi nyekundu, eti vyote huita radi, na tangi nikalifunika kwa kanga mbili, maana nalo si kioo?

"Mama Asimwe, chomoa na waya wa pampu, mapema hii," mume wangu akaniambia.

"Samaki wakose hewa? Nimewafunika gubigubi. Radi itaona nini?"

"Radi haihitaji kuona. Inapita kwenye waya."

"Ebo! Tangu lini ukawa fundi umeme?"

Haikupita robo saa, paa! Nyumba ikatikisika, soketi ikafuka moshi. Pampu iliungua palepale. Kanga hazikuwa na hata doa.

Radi ilipotulia, mume wangu akazima umeme wa nyumba nzima, ndipo akauchomoa ule waya. Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nililia, jamani. Akanipa jagi. Tukawa tunachota maji ya tangi na kuyamimina humo humo kutoka juu, ili yapate hewa, mpaka mikono ikafa ganzi.

"Lakini nilifunika!" nikasema.

"Ulifunika, mke wangu. Kufunika kioo si kuchomoa waya."

Watano walipona. Wawili niliwazika nyuma ya migomba.

Asimwe alipopiga simu nilimweleza yote. Akauliza polepole, "Na kanga, Mama, zilipona?"

"Zilipona," nikajibu. Mpaka leo sijazivaa.

Siku hizi wingu likianza tu kujikusanya, nachomoa kwanza. Kioo nakifunika pia, mila ni mila. Lakini kufunika kioo, wanangu, si kuchomoa waya.