Fisi Asiye na Haja Ndogo

— Paukwa!
— Pakawa!
— Dawa chungu?
— Ameze mwenye nayo!
— Na mimi nimeze nini?
— Meza mate, utupe ngano!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiugua na kuponyana wenyewe, palikuwa na Fisi. Alikuwa mkuu wa bonde, na mkuu wa kula. Akila nyama, anakula na mfupa. Akila mfupa, analamba na jani ulipolala. Siku moja magoti yakamvimba kama maboga. Akitembea, kwache! kwache! Akikaa, mama weee!

Akajikokota mpaka majabalini kwa Bi Pimbi, mganga wa bonde, mfupi hata nyasi zinamzidi. Bi Pimbi akamfinyangia tembe za mizizi, akamjazia chungu kizima.

"Mkuu, dawa hii ni kali. Inaponya magoti, lakini isipoangaliwa inatafuna figo. Meza moja asubuhi, moja jioni. Na kila mwezi ukiandama, niletee haja ndogo niitazame rangi."

"Haja nini?"

"Ndogo, Mkuu."

"We Pimbi! Mimi, mkuu wa bonde zima, nina haja ndogo? Haja zangu zote ni kubwa! Ndogo kawaombe panya." Akakumbatia chungu chake. "Na sikia. Dawa hii ikinidhuru, kitoweo changu cha mwisho ni wewe."

Bi Pimbi aliogopa, nisiwadanganye. Asipompima, figo zitaharibika. Figo zikiharibika, yeye ataliwa. Na anayekataa kupimwa ndiye huyo huyo atakayemla!

Fisi alipofika kwake akawaza: moja ikiponya, je, kumi? Asubuhi gubu! gubu! gubu! Jioni gubu! gubu! gubu! Magoti yakanywea, akawa anakimbia. Njiani akamkuta rafiki yake Ngiri, naye magoti yanamuuma, naye kapewa dawa ile ile, anapeleka kibuyu chake kwa Bi Pimbi.

"Hiii-hi-hi! Ngiri, meno yote hayo, unatembeza mkojo kama mtoto kikojozi?"

Ngiri akaona haya. Akamwaga kibuyu, akarudi nyumbani.

Mwezi ulipoandama, Fisi alipita majabalini uso umemvimba, macho yamebaki vijistari, anahema. Bi Pimbi akamwona, akajua figo zinatafunwa. Akapanda juu ya jiwe.

"Mkuu! Nilikukosea adabu. Haja ndogo ni yetu sisi wadogo. Yako wewe inaitwa mvua ya Mkuu. Sema tu, kibuyu changu kikubwa amekwisha kukijaza Ndovu. Sidhani kama wewe utaweza."

"Nani hataweza? Lete kibuyu!"

Chwaaaa! Kibuyu kikajaa, kikafurika. Bi Pimbi akachungulia. Rangi ya chai ya rangi! Dawa iachwe leo hii. Lakini nani aliyewahi kumwambia Fisi "acha", akaacha?

Akasonga ugali wa mtama, akaufinyanga matonge, kila tonge kama limau.

"Mkuu, nimeaibika. Zile nilizokupa ni tembe ndogo."

"Ndogo?!"

"Ndogo, Mkuu. Za wakubwa ndizo hizi. Ila hazishuki bila maji, mtungi mzima mzima. Mdogo hawezi."

Fisi akamrushia chungu chake, puu! Akanyakua matonge. Gubuuu! na mtungi. Gubuuu! na mtungi. Siku zikapita, uso ukanywea, macho yakafunguka. Magoti yalirudi kuvimba kidogo, lakini nani angemsikia akikiri?

Akaita mkutano. "Mnaniona? Nimemeza dawa kali, tena kwa viganja, na sikupimwa hata siku moja! Vipimo ni woga!"

Bi Pimbi alijua ukweli wote. Lakini akisema zile tembe kubwa ni ugali, ataliwa. Akaumeza ulimi. Akamvuta Ngiri pembeni, akamnong'oneza, "Baba, nakuomba, njoo nikutazame."

"Mama, kama Mkuu hakupimwa, mimi nani?" Ngiri akaenda zake, akameza kwa viganja.

Haukuandama mwezi mwingine. Ngiri akavimba uso, akavimba miguu, akalala chali, kimya. Bi Pimbi alilia mpaka sauti ikamkauka. Fisi alifika matangani wa kwanza, akalia kuliko wafiwa, hiii! hiii! Kisha akauliza marehemu amelazwa wapi.

Ngano yangu imekwisha, kikombe nimekiosha. Aliyesikia kameza, aliyesinzia kakosa dozi.

Na mafunzo yake, wanangu, ni haya: dawa kali haina haja ya vipimo. Mnabisha? Kamuulizeni Fisi, yupo, mzima wa afya, atawathibitishia. Ngiri msimuulize.