Kindi Amkaribisha Kiboko Kucheza

Hapo zamani za kale, haya sogeeni, enzi wanyama walipokuwa na umeme majumbani mwao, Nyani alitunga mchezo wa kwenye kioo uitwao Mbio za Matopeni. Pori zima likapagawa nao!

Kiboko alikuwa na kiwanda kikubwa cha mashine za kuchezea michezo. Kindi naye alikuwa na kijikarakana mtini, akiunda vimashine vya mkononi. Ndivyo vilivyowalisha wanawe, maana kila mnunuzi alitaka kuchezea humo Mbio za Matopeni.

Siku moja, loh! Kiboko akatangaza kumnunua Nyani, karakana na mchezo wake. Baraza likaitwa kuchunguza kama ni haki.

"Bi Mwenyekiti," Kiboko akamwambia Korongo kwa sauti ya asali, "mchezo utabaki wa wote. Naapa!"

"Mwongo huyo!" Kindi akarukia meza. "Akiuchukua, wanangu watakula nini?"

"Una ushahidi?" akauliza Korongo.

Hakuwa nao. Wakubwa wa baraza wakamcheka, kwa! kwa! kwa! Kindi akaona uchungu, lakini anyamaze? Thubutu!

Chai ikaletwa. Kindi akamsogelea Kiboko na kimashine chake.

"Shikamoo, Mzee. Hebu tucheze kidogo, chai ipoe. Au unaogopa?"

"Nikuogope wewe? Lete!"

Tik-tik-tik! Vidole vya Kindi vikakimbia. Cha Kiboko kimoja kikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Pu! Akazama matopeni, yeye mwenyeji wa matope! Mara ya pili, pu! Mara ya tatu, pu!

"Pole, Mzee. Hata kitinda mimba wangu angekushinda. Kesho nitakufunga tena, pori zima likiona."

"Kesho ipi?" Kiboko akanguruma, vikombe vikatetemeka. "Nikishamnunua Nyani, mchezo huu hauingii tena kwenye kidubwasha chako! Watauchezea kwangu tu, wapende wasipende!"

Kalamu ya karani wa baraza ikakwaruza karatasi.

"Karani, umeandika?" akauliza Korongo.

"Nimeandika, Bi Mwenyekiti."

"Ala!" Kiboko akashtuka. "Si tulikuwa tunakunywa chai?"

"Hapa chai hunywewa kikao kikiendelea, Mzee. Kengele sijapiga. Ombi lako tumelikataa."

Ndipo akaipiga, ngaa!

Kiboko akamkazia Kindi macho. "Nitarudi!"

"Rudi," akajibu Kindi, hata mkia haukumtikisika. "Utanikuta hapahapa."

Basi wanangu, mwenye nguvu akikuapia haki, mkasirishe kwanza ndipo umsikie la moyoni.