Simu Iliyotundikwa Msumarini

"Ufunguo usiolala kwako, mlango si wako." Mmeisikia leo asubuhi kwa Bibi Atuganile, alipomrudisha kijana wa taa za jua na maboksi yake, taa zile zinazoweza kuzimwa na mtu aliyeko mjini. Nyinyi mkacheka, mkadhani bibi anaogopa umeme. Sasa mmekuja kuniuliza maana. Maana ningewapa kwa maneno mawili, lakini mngeyasahau kabla ya chakula cha mchana, nawajua. Kaeni. Neno hili si la enzi za mababu. Nyumba lilikotoka mnaipita kila siku mkienda kuteka maji, ile yenye msumari mtupu ukutani. Lilianza na gari, na lilianza hivi.

Mzee Eliakimu Sanga, mkulima wa viazi wa hapa hapa Ikovela, alikuwa na pikapu kuukuu ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa mpira wa baiskeli, na kioo kilipandishwa kwa mkono, tena kwa kubembelezwa. Lakini matope ya Machi hayakuwahi kulishinda gari lile. Ufunguo wake haukukaa mfukoni mwa mtu. Ulining'inia kwenye msumari nje, chini ya upenu, kando ya mlango wa jikoni, na kijiji kizima kilijua. Ukiwa na mgonjwa huombi ruhusa. Unachukua ufunguo, unampeleka mgonjwa wako hospitali ya misheni ng'ambo ya mlima, unalirudisha gari, unatundika ufunguo. Miaka ishirini na mitatu mambo yalikwenda hivyo, na Eliakimu hakuwahi kuuliza ni nani aliyechukua.

Aliyeutumia vizuri kuliko wote alikuwa Obadia Chaula, mpasua mbao, rafiki yake aliyebatizwa naye siku moja. Mwaka mmoja Eliakimu alikuwa amesafiri na lori la viazi, huku nyuma mkewe Yustina akaharibikiwa na mimba. Obadia alichomoa ufunguo msumarini, akapanda mlima ule wote bila kusimama. Daktari alisema wangechelewa nusu saa tu, wangerudi na maiti. Tangu siku hiyo Eliakimu alipenda kutania kwamba mahari alilipa kwa wakwe, ila mke alipewa na msumari.

Basi viazi vikakubali misimu mitatu mfululizo, Eliakimu akaliuza kuukuu lile kwa mchoma matofali mmoja, akashuka mjini kununua jipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lilipoingia kijijini liking'aa, wanawake walipiga vigelegele, na mchungaji akaliombea. Obadia alilizunguka mara mbili, akachungulia chini, akauliza tairi la akiba liko wapi. Halikuwepo. Akauliza tundu la ufunguo liko wapi. Nalo halikuwepo. Gari liliwaka kwa simu.

Mengine yaliyokuwa ya kawaida katika gari kuukuu, katika jipya yalikuwa yamefungwa. Hita ya kupasha joto ilikuwemo, nanyi mnaijua baridi ya huku kwetu Julai, lakini haikuwaka mpaka ulipie kifurushi cha mwezi. Magurudumu yote manne yaliweza kuvuta pamoja kwenye matope, lakini hayo nayo yalikuwa na kifurushi chake. Muuzaji alikuwa amemwambia Eliakimu, "Mzee, kila kitu kimo humo ndani, ni kuwashiwa tu." Eliakimu aliyarudia maneno hayo kwa majirani kama mtu aliyepata bahati. Mimi nilikuwepo, na nilicheka, na sina haki ya kuwalaumu nyinyi kwa kucheka leo.

Kulikuwa na kifurushi kimoja ambacho Eliakimu alikilipia bila kusita, nacho ni cha ulinzi. Simu ilimletea ujumbe kila wiki: magari yanaibwa, linda gari lako. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na mitatu alilaza ufunguo wake nje akaanza kuota wezi. Lakini msumari hakuusahau, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Alinunua simu ya pili, akaiwekea ile programu ya gari, akaitia katika kifuko alichofuma Yustina, akaitundika pale pale palipokuwa pakining'inia ufunguo. Akatangaza kanisani kwamba mambo ni yale yale, mwenye mgonjwa achukue simu, aende. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyemwambia kwamba gari lile halikubali simu ya pili bila kifurushi cha dereva wa pili. Hata yeye hakujua, na hakuna aliyewahi kuijaribu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mvua imenyesha usiku kucha. Eliakimu alikuwa amekwenda kwa miguu shambani kwake nyuma ya kilima, bondeni ambako simu haishiki. Saa nne asubuhi, huku msituni, mti wa msindano uliokuwa ukiangushwa uligeuka njia na kuangukia paja la Obadia. Wenzake walimfunga kwa mkanda na mashati, wakambeba hadi kwa Eliakimu, wakamlaza nyuma, kwenye bodi la wazi la gari, juu ya magunia. Pikipiki isingeweza kumchukua mtu wa hali ile kwenye matope yale. Yustina mwenyewe ndiye aliyeitungua simu msumarini. Alibonyeza, gari likakaa kimya. Walijaribu mara kumi na moja, wakampigia Eliakimu mara zisizohesabika, naye hapatikani.

Eliakimu alitoka bondeni karibu saa sita, jembe begani. Alipofika kileleni simu ilianza kutetemeka mfukoni. Akaitoa akasoma: mtu asiyetambulika anajaribu kuwasha gari lako. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ruhusu na Funga. Alisimama akafikiri, na alifikiri kwa akili nzuri kabisa. Angekuwa jirani, alijiambia, angetumia simu ya msumarini, na gari lingemtambua. Huyu asiyetambulika ni mwizi. Akabonyeza Funga. Simu ikamjibu kwamba gari lake sasa liko salama, nayo ikamshukuru. Alijaribu kumpigia Yustina, lakini alikuwa ameanza kushuka mbio na mtandao ukamponyoka. Alishuka akiwa ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili, tayari kwa mwizi wake.

Aliwakuta watu wamelizunguka gari. Akauliza mwizi yuko wapi, na hakuna aliyemwelewa. Wakampisha, akamwona Obadia juu ya magunia, uso wake umekuwa wa kijivu. Eliakimu alichomoa simu kwa haraka hata ikamwanguka matopeni, akaiokota, akaifuta kwa shati, akabonyeza Ruhusu. Simu ikasema gari limefungwa na mwenyewe kwa sababu ya wizi, apige simu huduma kwa wateja.

Akapiga. Muziki ulipigwa kwa muda mrefu, watu wote wakiusikiliza. Ndipo akapokea binti mmoja mwenye sauti ya upole, na sauti hiyo waliisikia wote.

"Pole sana, baba. Nimeliona gari lako. Kulifungua kutoka huku hakumo kwenye kifurushi chako. Unaweza kuongeza sasa hivi, halafu uhakiki unachukua saa ishirini na nne."

"Binti yangu, nina mtu anakufa hapa. Gari ni langu. Nimelinunua."

"Ndiyo, baba. Gari ni lako. Kuliwasha ndiyo huduma yetu."

Hakuwa na ubaya wowote, yule binti. Alisema hata yeye hana mahali pa kubonyeza, akawatakia siku njema.

Vijana walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakapata machela. Ule mlima ambao gari kuukuu liliupanda bila kusimama, wao waliupanda wakipokezana, wakiteleza, wakianguka kwa magoti. Eliakimu hakukubali kupokewa. Alishika upande wa kichwa, umri wake ule, na Obadia alikuwa akimtazama kutoka chini.

"Lile kuukuu," Obadia alisema walipofika kwenye daraja la magogo, "ungeliwasha hata kwa bisibisi."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama fundi anayesifu kazi. Hakusema neno lingine, na kabla ya kona ya pili ya mlima machela ikawa nzito, kama izidivyo uzito mtu akishaondoka. Waliobeba maiti wanajua. Waliiweka chini matopeni, na Eliakimu akalia kwa sauti mbele ya vijana, mzee yule, bila kujificha uso. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Msibani watu walimfariji. Walisema kosa ni la gari, kosa ni la kampuni, kosa ni la mti. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyejua habari za kitufe. Lakini siku ya tatu, tulipokaa kumaliza matanga, alisimama akasimulia yote, ya kileleni, ya mwizi wake, na ya kidole chake. Alipomaliza alimgeukia mjane.

"Shemeji," alisema, "mume wako alichukua ufunguo wangu akanipa mke. Yeye alipouhitaji, nimemfungia kwa mkono wangu. Sikuombi unisamehe. Nimeona uijue kwa kinywa changu."

Mjane aliinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa karibu naye walidhani ataangua kilio, wakamshika mabega. Akaitoa mikono yao taratibu.

"Kwa miaka yote ile hukuwahi kuuliza ni nani amechukua ufunguo," alisema. "Wamekuuzia gari, wakakufundisha kuuliza. Na ulipotaka kufungua, mkono wako haukuwa na kitu. Ufunguo usiolala kwako, mlango si wako, shemeji. Hata huo ulioufunga haukuwa wako."

Ndivyo alivyosema. Kama ulikuwa msamaha au hukumu, hatukujua. Eliakimu naye hakujua, na hakuthubutu kuuliza. Kila mtu alishika njia ya kwake.

Gari halikutembea tena. Eliakimu hakulipia chochote, wala hakutaka kuliuza, maana alisema hajui adui wa kumuuzia. Alikwenda mpaka kwa yule mchoma matofali kulikomboa kuukuu lake, akakuta limeshakatwa vyuma chakavu. Kuku walitaga chini ya lile jipya miaka miwili. Hita haikuwahi kuwaka, na kila mwisho wa mwezi simu ilimkumbusha kwamba vifurushi vyake vimekwisha, na kwamba anakosa mengi mazuri. Alipofariki, Yustina aliiondoa simu ukutani lakini msumari akauacha. Hadi leo mgonjwa wa Ikovela huupanda mlima kwa machela. Wengine hufika.

Sasa mmejua. Na kwa kuwa mlicheka, niwaambie na hili. Mjane yule aliyesema neno lile matangani hakurudi kwao Rungwe. Alibaki hapa akalea wanawe peke yake, hata akawa bibi, na ndiye huyo Atuganile mliyemwona leo akizirudisha taa. Leo usiku atakaa na kibatari chake cha moshi, na nyinyi mtapita mkiona nyumba zenu tu ndizo zenye mwanga wa taa zile. Msimcheke. Kibatari kile anakiwasha mwenyewe, na anakizima mwenyewe. Ufunguo usiolala kwako, mlango si wako.