Nguchiro Aliyemtia Kiboko Ndani

Hapo zamani za kale, kabla mende hajaijua njia ya jikoni, palikuwa na kisiwa kidogo chenye mnyama mkubwa mmoja tu. Mmoja, watoto wangu! Huyo alikuwa Bi Mwanakombo Kiboko, mjane mpole aliyekaa bwawani. Jirani yake alikuwa Mize Nguchiro, mfupi, mwepesi, mdomo haulali.

Kila mwaka mvua zikikatika, korongo walikuja kutembea kutoka nchi za baridi. Kwao mnyama mkubwa ni paka! Wakishatua tu, hata maji hawajanywa, wanauliza: "Kiboko yuko wapi? Leo tutabahatika kumwona?"

Mize husimama papo hapo, ameoga, amechana mkia, na hakuna anayemtazama. Mwaka mmoja korongo alimkanyaga, kisha akaliomba radhi jiwe la pembeni.

Wivu ulimkaba mpaka chakula hakipiti.

"Ana nini yule?" alimwambia mumewe. "Anapiga miayo tu, watu wanashangilia! Mimi naua nyoka, nani ananitazama?"

"Mimi nakutazama kila siku, mke wangu."

"Wewe huhesabiwi!"

Alichotaka ni kimoja: mwaka huu korongo warudi kwao na jina lake mdomoni. Basi siku moja kabla wageni hawajafika, akakimbia bwawani, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio mbio?"

"Nimekuonea huruma, bibi. Umejilaza hapa, kila apitaye anakuona. Kwani mwari huonekana ovyo?"

"Hasha! Mwari hutiwa ndani."

"Ehee! Nawe utiwe ndani. Mimi nitakuwa somo wako, nikufunde. Wageni wasipokuona, watakuheshimu milele."

Bi Kiboko akapanua kinywa, aaah! Machozi ya furaha yakamtoka. "Niwe mwari tena, mjane mimi? Siku ya harusi yangu mvua ilinyesha, liwa yote niliyopakwa mwilini ikachuruzika."

Mize akamwingiza kichakani, akamzungushia makuti na mikeka. "Mwari hasemi, hatoki mpaka atolewe," akamwambia. Moyoni alishaamua kwamba hatamtoa.

"Haya, somo," akasema Bi Kiboko, "nipake liwa."

Lo! Mize akasaga, akapaka, akapanda mgongo huu, akateremka ubavu ule, mikono ikafa ganzi.

"Na hina je?"

"Bibi, una miguu minne!"

"Mwari gani hana hina? Basi nitoke zangu nikaoge."

"Kaa, kaa! Naileta."

Alipomaliza mguu wa mwisho, jasho linamtiririka, Bi Kiboko akauliza kwa upole, "Na udi, mwanangu?"

Mize alimchukia mpaka meno yakagongana, lakini udi akauleta, akaufukiza mpaka kulipokucha.

Kesho yake, pwaa, pwaa, pwaa! Korongo hao wametua. Mize akaruka mbele yao.

"Karibuni, wageni! Kiboko? Aa, bahati hiyo ni ndogo sana. Mwingine huja mpaka anazeeka, asione hata sikio! Lakini mimi nipo, nitazameni!" Akasimama kwa miguu ya nyuma, akazunguka, akaonyesha meno.

Bi Korongo, mkubwa wa msafara, akainamisha shingo. "Kumbe hapa kuna kijinyama! Unaitwa nani, mwanangu?"

Moyo wa Mize ukadunda. Akafungua kinywa alitaje jina lake. Mara upepo ukavuma kutoka kichakani.

"Mh! Mh!" Bi Korongo akanusa. "Udi huu wa nani?"

"Udi? Hiyo ni harufu ya samaki!"

"Samaki gani? Udi huo, na liwa, na hina. Jamani, pana mwari hapa!"

"Kohoo!" moshi ukampalia Bi Kiboko. Kichaka kizima kikatikisika.

"Mwari mwenyewe ni kiboko!" korongo wakapiga kelele. Wakakunja miguu, wakaketi mbele ya makuti, wakapiga vigelegele. Nani aondoke penye mwari kabla hajatolewa?

"Nendeni zenu!" Mize akalia. "Hatolewi leo! Hatolewi kamwe!"

Kutoka ndani ikaja sauti laini. "Somo wangu, wageni wamefika. Njoo unibebe."

"Nikubebe?"

"Mwari hakanyagi chini, mwanangu. Somo ndiye humbeba mgongoni. Somo wangu wa kwanza alinibeba, Mungu amrehemu."

Macho yote yakamgeukia Mize. "Inama, somo! Inama!" wageni wakashangilia.

Kwachaa! Makuti yakapasuka. Bi Kiboko huyo, anang'aa, ananukia, hina mpaka magotini. Akainua guu moja juu ya mgongo wa Mize.

"Yarabi! Nimedanganya!" Mize akapiga ukelele. "Mimi si somo! Nilimficha msimwone! Wivu, jamani, wivu tu!" Akachomoka chini ya lile guu, fyuu, mpaka shimoni kwa mumewe.

Bi Kiboko akalishusha guu lake polepole.

"Alinionea wivu mimi?" akauliza. Kisha akaitazama miguu yake. "Lakini hina, kwa kweli, ameipaka vizuri."

Akatembea mwenyewe mpaka bwawani, vigelegele vikimsindikiza. Korongo waliporudi kwao walisimulia, na mwaka wa pili wakaja wengi maradufu, kumwona kiboko aliyetiwa hina. Walipoulizwa nani aliyempaka, walitazamana. Hawakuwahi kulisikia jina lake.

Watoto wangu, mwenye wivu humpamba kwa mikono yake mwenyewe yule asiyetaka aonekane.